Bri hana adabu, au hatujamsikiliza?

Tangu nimuazime binamu yangu On the Come Up ya Angie Thomas, kitabu kimeshapita mikono kama sita hapa mtaani Langoni, Lamu, na kila anokisoma anarudi na lake. Kwa asokijua, ni riwaya ya vijana ya 2019, ya msichana wa miaka 16 aitwa Bri, babake alikuwa rapa akauawa kwa risasi, mamake alitumia dawa za kulevya miaka akaacha, sasa kafutwa kazi na nyumbani mpaka stima inakatwa. Bri naye ataka kuwa rapa. Shuleni walinzi wanambwaga chini, kisa peremende alizokuwa akiuza, basi akaenda akarekodi ngoma ya hasira, ndani yake anajitaja ana bunduki, ngoma ikasambaa na watu wakaamua huyu kweli ni jambazi.

Wazazi waliokisoma hawajakipenda. Matusi mengi, magenge, mtoto haambiliki. Mama mmoja kaniambia, "Mwana hana haya, na mwandishi anamsifu." Na mi siwezi kusema wanazua manake lugha chafu imo, na shangazi yake Bri, ambaye mwenyewe yuko kwenye genge na anayajua ya mtaani, alimwambia kabisa hiyo ngoma aifute, yeye akaiachia tu. Kisha akaenda redioni akachokozwa kidogo akalipuka.

Vijana wao wameshika viatu. Bri ana buti feki zinamwachana soli mbele za watu, na msichana mmoja hapa kaniambia hapo alilia, akafunga kitabu kwanza. Kwao Bri amesema ukweli na basi. Mi naona wanamsamehe haraka mno.

Lakini kinachonishangaza ni sisi watu wa Lamu kusoma yale maneno ya Bri kavu kavu hivyo. Si huku Zahidi Mngumi, yule kiongozi na mshairi wetu wa zamani, alikuwa akiwarushia mahasimu mashairi enzi za ugomvi na majirani zetu wa Pate? Na harusini, wanawake wakipiga vugo, ile ngoma yao ya pembe na nyimbo za mafumbo, yale yanoimbwa mle ukiyaandika kwenye karatasi ukampa mgeni atasema hawa wanawake wameharibika wote. Sisi tunacheka, tunajua hilo kaambiwa nani na kwa nini. Bri kafanya hivyo hivyo, kavaa lile jina la ujambazi walilomvisha wao akawarudishia, yaani fumbo hasa. Kosa lake, na hapa ndipo nawapa wazazi haki yao, ni kulitoa fumbo nje ya harusi. Mtandaoni hakuna anojua alibwagwa chini, wanasikia bunduki tu.

Ila jamani tuangalie na kipi kilianza. Alibwagwa kwanza, ngoma ikaja baadaye! Mtu akisema ngoma ndiyo ushahidi kwamba walinzi walikuwa sawa, amekisoma kitabu nyuma mbele, na nimeyasikia haya kwa watu wazima wenye akili zao, wallahi imenikera.

Halafu kuna yule meneja wake Bri, Supreme. Yeye anajua vizuri Bri si jambazi, lakini anataka aigize hivyo manake ndicho kinachouza. Ukimweka pembeni ya wale wanomlaani Bri utaona wote wamesimama pamoja, wote wanataka maneno yawe yalivyo juu juu na msichana ndani yake hawamtaki. Mpaka mwisho anampa wimbo ulioandikwa na mtu mwingine auimbe, na Bri anafika stejini anauacha, anatoa wa kwake.

Yule mama wa "hana haya" aliishia kwenye intavyuu ya redio, hakuendelea. Jana nimempelekea tena kitabu, nimemuwekea karatasi pale stejini.