Shairi letu, kwaya ya Moshi na fidla za Unguja

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha mnaoimba kwaya, leo nina neno nanyi kuhusu fidla.

Huku Leipzig, Ujerumani, ninakoishi, Pasaka ikikaribia, kwaya za makanisa huimba Mateso, yaani habari ya kuteswa kwa Yesu iliyotiwa muziki na mtunzi Bach, pamoja na okestra. Mji huu si mgeni kwetu. Wamisionari wake ndio waliofika Machame mwaka 1893. Bach aliongoza muziki hapa tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Katika Mateso yake ya Mathayo, kila Yesu anapoimba fidla humzunguka kwa sauti ndefu, laini. Akifika msalabani na kulia “Eli, Eli”, fidla zinanyamaza. Niliposikia hivyo nilitetemeka. Nyuzi nazo zilikuwa zinasoma Maandiko!

Nyumbani tuna kinanda cha umeme chenye kitufe cha sauti ya fidla. Kitufe hakipumui. Sauti ni ileile arusini na msibani, na tumeshaizoea mno. Simlaumu mwalimu wa kwaya hata kidogo. Huku kiongozi wa muziki mara nyingi ni mwajiriwa wa kanisa. Kwetu mwalimu anatunga, anaandika solfa ubaoni, anafundisha sauti zote nne, na nauli anatoa mfukoni mwake.

Ila kwa maneno watu wa huku hawatuwezi, na hili nalisema kwa kifua kipana. Chukua mshororo huu wa mfano, nimeutunga mwenyewe:

Mlima wavaa wingu, jua halijaamka.

Mizani, yaani silabi, 16, nane kwa nane. Mpe mtunzi asiyejua Kiswahili: ile M ya “mlima” ataimeza, au atawaimbisha watu “mulima”. Mwanakwaya wa Moshi huipa nota yake bila kuambiwa, midomo imefumbwa, sauti inapita puani. Kisha baada ya “wingu” shairi lina kituo chake. Hapo ndipo ningezipa fidla nafasi, zijibu kwa nota tatu nne wakati kwaya inavuta pumzi. Maneno yakirudi, zishuke, zishike sauti ndefu chini ya waimbaji, maana silabi zetu zinakwenda mbio na hazitaki kushindana na mtu. Chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, itembee na waimbaji wa besi. Basi, hakuna haja ya mbwembwe zaidi.

Wapigaji tunao. Taarabu ya Unguja imelelewa na fidla, na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kinafundisha pale Mji Mkongwe tangu 2002. Chuo kikuu cha Makumira, jirani na Usa River, nacho kina masomo ya muziki. Tatizo hawa watu hawakutani: fidla ziko pwani, kwaya ziko mlimani, washairi wako kwenye magazeti. Kwaya inachangishana mwaka mzima ili irekodi video. Safari hii mchango huo uwalipie nauli na malazi watu wanne wa nyuzi.

Ningeanza na utenzi, mizani 8 kwa mshororo, beti chache tu, kwaya ya mtaa mmoja. Mshairi awepo tangu mazoezi ya kwanza, na akisema neno lake limekatwa vibaya, ibadilishwe nota, neno libaki.