Malam wa Bauchi hakuwa na digrii

Uchaguzi wa Nigeria haunogi mpaka mtu adaiwe cheti. Muhammadu Buhari, jenerali mzima aliyekwisha kuitawala nchi, aliandamwa kuelekea uchaguzi wa 2015 aonyeshe cheti cha sekondari. Mwaka 2023 Atiku Abubakar, aliyeshindwa urais, akaenda hadi mahakama ya Marekani kudai kumbukumbu za masomo za Bola Tinubu aliyemshinda. Chuo Kikuu cha Chicago State kikajibu kwamba ndiyo, alihitimu kwetu 1979. Kelele hazikukoma. Mimi habari hizo hunikumbusha waziri mkuu wao wa kwanza, Abubakar Tafawa Balewa, ambaye digrii hakuwa nayo hata ya dawa.

Alizaliwa Desemba 1912 upande wa Bauchi, kaskazini. Hakuwa mwana wa emiri, yaani mtawala wa jadi wa Kiislamu. Baba yake, Yakubu, alitumikia katika nyumba ya mkuu wa wilaya ya Lere. Enzi hizo shule ya Mzungu ilitazamwa huko kwa jicho la wasiwasi, wazazi wakihofia watoto watabadilishwa dini, na wakubwa waliobanwa watoe wanafunzi mara nyingine walitoa watoto wa watumishi wao. Abubakar alianza na Kurani kama wenzake, akapita shule ya mkoa pale Bauchi, kisha 1928 akaingia Chuo cha Katsina, kilichofunguliwa kwa ajili ya kuandaa walimu wa kaskazini. Ahmadu Bello, baadaye kiongozi wa Mkoa wa Kaskazini, wa ukoo wa Usman dan Fodio aliyeanzisha usultani wa Sokoto, alikuwa ametangulia chuoni humo. Mtoto wa mtumishi na mjukuu wa masultani, ubao mmoja.

Mwaka 1933 akarudi Bauchi kufundisha, na hapa ndipo wasifu wake mwingi huruka upesi upesi kuwahi siasa. Mimi ningekaa hapa. Mwaka huohuo Mwingereza Rupert East alitangaza shindano la hadithi za Kihausa. Balewa, umri miaka 20 na kitu, akaandika Shaihu Umar, iliyochapwa 1934. Inaanza na sheikh aliyemaliza darsa, mwanafunzi mmoja akamuuliza: wewe asili yako wapi? Basi sheikh anasimulia jinsi alivyoibwa utotoni na kuuzwa utumwani, na mama yake alivyovuka jangwa kumtafuta, akaangukia utumwani yeye mwenyewe. Hebu fikiria, waziri mkuu wa baadaye anaingia kwenye maandishi kupitia swali la mwanafunzi! Na kwa Kihausa, si Kiingereza. Viongozi wetu wangapi wameandika hata ukurasa mmoja wa hadithi kwa lugha ya mama zao?

Kuna kisa kingine nakipenda. Rafiki yake alimwambia kwamba hakuna mtu wa kaskazini aliyewahi kufaulu mtihani wa cheti cha juu cha ualimu. Balewa hakubishana naye. Akaenda kuufanya, akafaulu.

Baadaye akawa mwalimu mkuu. Mwaka 1943 yeye na wenzake Aminu Kano na Sa'adu Zungur wakaunda chama cha maendeleo cha Bauchi, wakawa wanakaa kujadili mambo ambayo watawala hawakufurahia yajadiliwe. Mwaka 1945 akapelekwa London, Taasisi ya Elimu, mwaka mmoja tu. Mwenyewe alisema alirudi na macho mapya, kwa sababu ameona watu wanaoishi bila hofu.

Basi, elimu yake yote ndiyo hiyo. Lakini Agosti 1950 alisimama katika Baraza la Kaskazini akataka tume ichunguze utawala wa wenyeji, mfumo uleule wa maemiri uliomsomesha na kumwajiri. Ujasiri ule siuoni katika cheti chochote. Nauona katika miaka zaidi ya 10 ya kusimama mbele ya watoto wanaokuuliza maswali. (Upole wa mwalimu ulimponza pia, nakubali. Machafuko ya Mkoa wa Magharibi yaliendelea kuchemka mikononi mwake hadi alipouawa katika mapinduzi ya Januari 1966.)

Kaskazini walimwita Malam Abubakar. Malam na mwalimu ni neno moja, yote yametoka kwa Waarabu, kwa hiyo Watanzania hawahitaji mkalimani hapo.

Na kwa wapenda vyeti, wamwangalie Aminu Kano. Alifundisha shule ileile ya Bauchi, baada ya kupita Katsina vilevile, na London akasoma taasisi ileile. Mwaka 1950, Balewa akiwa bado anataka maemiri warekebishwe polepole, Aminu aliacha ualimu akajiunga na NEPU, chama kilichotaka mfumo wenyewe ung'olewe.