Sikuwa uchi, nilikuwa na taulo

Jamani, kwanza tusahihishe habari. Yule rafiki yangu mnayemjua, mwenye kutuma sauti za dakika nane WhatsApp, amewaambia kwamba nilionekana uchi mbele ya Mchungaji. Uongo mtupu. Nilikuwa na taulo. Taulo halikuanguka hata mara moja. Lilitaka kuanguka, tena na tena, lakini kutaka si kuanguka.

Sherehe ya mahari ya Yaya, ndugu yangu mkubwa, mnaikumbuka, pale Nguba, hapa Bukavu. Filamu nilipiga mimi, nikaikata mimi, DVD nikachoma mimi, maana katika familia yetu ukijua kuwasha kompyuta unaitwa injenieri mpaka kaburini. Vijana walishagawana vipande kwenye simu zao, lakini wazee wa Kabare na Walungu wana deki na televisheni, mambo ya simu zenu hawayataki. Wanataka diski, yenye picha ya Yaya juu yake, ya kuweka kwenye kabati mgeni akija aione.

Nikapanda soko la Kadutu, nikanunua mnara mzima wa diski tupu. Sasa ninyi mnaosema kuchoma DVD ni kubonyeza tu, njooni niwaambie. Diski imeandikwa giga 4.7. Ukiitia kwenye kompyuta inakuonyesha 4.37, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Humo ndimo mahari ya saa mbili na zaidi ilitakiwa kulala, na hotuba ya baba mdogo peke yake ilidai diski yake. Nikaipunguza. (Baba mdogo, kama unasoma hapa: ni umeme ulikatika.) Unachoma usiku, umeme ukiwepo, kwa mwendo wa 4x, robo saa kila diski, huku unaomba Mungu usikatike katikati. DVD-R haina kufuta. Leza ikishaunguza ile rangi ya ndani, imeunguza. Umeme ukiondoka njiani, kinachobaki ni kitu cha kutundika shambani kufukuza ndege. Shamba la mama linang'aa sana msimu huu.

Sasa menyu. Programu yangu inatengeneza menyu inayocheza: kabla ya filamu kuna vitufe, na nyuma ya vitufe picha zinatembea kwa sekunde 20, zikiisha zinaanza upya, hivyo hivyo mpaka mtu achague. Hizo picha inazichota yenyewe kutoka kipande cha kwanza ulichoingiza. Na kipande cha kwanza kwenye ile kamera hakikuwa mahari. Kilikuwa mimi, asubuhi ile ile, chumbani, nikijaribu kama kamera inashika sauti. Kwenye filamu nilikiondoa. Kwenye menyu kikabaki.

Najua mtauliza mbona sikukagua. Nilikagua! Nilifungua folda ya VIDEO_TS, nikabonyeza faili kubwa ya VOB, filamu ikaanza safi: wageni, vitenge, mbuzi, vigelegele. Ile faili ndogo ya menyu nani huwa anaifungua? Wewe huwa unaifungua? Basi nyamaza.

Jumapili baada ya ibada, saluni, yaani sebule yetu, ikajaa. Wakwe huku, sisi kule, watoto chini, mzee wetu Koko kwenye kiti chake. Na Mchungaji, aliyeombea mahari yenyewe, akapewa kiti kikubwa kilichoegemea ukuta. Mimi nilikuwa jikoni napanga chupa za Fanta kwenye sinia. Nikasikia muziki wa menyu umeanza. Nikatabasamu, nikasema moyoni, injenieri. Kisha nikasikia sauti yangu.

"Papa Mchungaji."

Sinia nikaenda nalo hivyo hivyo mpaka mlangoni. Na pale kwenye televisheni nipo mimi, kifua wazi, taulo la kijani kiunoni, chanuo nimeligeuza maikrofoni. Najipiga kifua.

"Papa Mchungaji. Nimepita kwenye bustani yako. Nimeona ua. Sikulichuma. Nimekuja kuomba ruhusa."

Hapo ninainama kwa heshima, vile wasemaji wa mahari wanavyoinama. Nikiinama, fundo la taulo linafunguka. Uso wangu unabadilika, mkono unashuka kulidaka, na kabla haujafika, picha inakatika. Inaanza upya. "Papa Mchungaji."

Mara ya kwanza hakuna aliyepumua. Mara ya pili mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Mara ya tatu baba mdogo akasimama kutafuta namna ya kuzima. Deki yetu vitufe vyake vilizama ndani zamani, inatawaliwa na telekomandi tu, na betri za telekomandi zilikuwa zimehamia kwenye saa ya ukutani. Akawa anaipiga deki mgongoni. Televisheni nayo kitufe chake mnakijua, kipo pale lakini ni pambo.

Halafu umeme. Umeme huu huu wa Bukavu, unaotuacha gizani na ugali haujaiva! Siku hiyo ulikaa imara, maji yote ya mto Ruzizi, unaotupa umeme, yakawa yanashuka kwa kazi moja tu, kunionyesha mimi na taulo.

Kufikia mzunguko sijui wa ngapi, watoto walishaikariri. "Sikulichuma! Nimekuja kuomba ruhusa!" wanaitikia pamoja, na shemeji yangu mpya ameficha uso kwenye kitambaa cha meza. Koko yeye hakucheka. Alikuwa amesogea mbele, macho kwenye fundo.

"Na hili taulo," akauliza, "linaanguka saa ngapi?"

Waya wa umeme ulipita nyuma ya kiti cha Mchungaji. Sikuwa na njia nyingine. Nikavuka saluni nzima, sinia mkononi, chupa zinagongana, wakwe wananitazama mimi, wanatazama televisheni, wananitazama tena. Nikafika, nikaweka sinia sakafuni, nikapiga magoti.

"Samahani, Papa Mchungaji," nikasema.

"Papa Mchungaji," akasema yule wa kwenye televisheni, sekunde ile ile.

Nikaingiza mkono nyuma ya kiti, nikashika plagi ya kwanza niliyoigusa, nikachomoa. Friji ikanyamaza. Mimi wa kwenye televisheni nikaendelea na bustani.

Ndipo Mchungaji akainamisha kichwa, pole pole, akanitazama nilipo pale chini karibu na viatu vyake. Sauti yake ni ile ile ya kutangaza sadaka, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia.

"Ua lipi, mwanangu? Nina mabinti watatu."

Plagi ya pili ndiyo iliyokuwa yenyewe. Watu wakala, wakanywa, filamu hakuna aliyeiulizia tena, na friji ilikumbukwa usiku.

Yaya hasemi na mimi. Kopi kadhaa zilishaondoka: Uvira, Lubumbashi, na moja iko Ubelgiji ndani ya sanduku la tantini. Nimechoma nyingine zisizo na menyu, filamu inaanza moja kwa moja, nikatangaza kwamba nabadilisha bure. Hakuna aliyerudisha hata moja. Wa Uvira wamejibu kwamba yao ni nzuri, wanaomba tu niwatumie sehemu inayofuata.

Na binti mwenyewe, wa katikati, basi mmeshajua, ameniandikia jana usiku. Ujumbe mfupi: "Papa anauliza tena."