Shule ya kanisa na mtoto wa mkulima

Mwaka huu familia yetu imeingiza watoto wawili sekondari, wote katika shule za Kikristo. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alianza kidato cha kwanza Januari huko Njombe, Tanzania. Mwanangu ameanza mwishoni mwa Agosti hapa Amersfoort, Uholanzi. Kwa yule wa kwanza nimesaidia kulipa fedha nyingi. Kwa huyu wa pili nimelipa kidogo sana. Tangu hapo jambo moja halinitoki moyoni, na nalisema kama mtoto wa kanisa: shule zetu za Kikristo nyumbani zinawaacha nje watoto wa washarika wake wenyewe, na zinawaacha nje mwezi wa Januari.

Nianze na fomu ya kujiunga. Dada aliipiga picha ukurasa kwa ukurasa akanitumia kwa WhatsApp, chini akaandika, "Kaka, tazama, tuanzie wapi?" Ada ya mwaka ni shilingi 1,850,000, na nusu yake iwe imeshaingia benki kabla mtoto hajapokelewa. Baada ya ada inafuata orodha: tranka, godoro la futi mbili na nusu, shuka jozi mbili za bluu, blanketi zito, ndoo mbili zenye mifuniko, jembe na mpini wake, fyekeo, fagio la chelewa, rimu mbili za karatasi, viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kamba, raba, Biblia, kitabu cha nyimbo. Sare na sweta zinanunuliwa palepale shuleni, hairuhusiwi kushona mtaani. Halafu michango: kitambulisho, matibabu, tahadhari, ukarabati wa madawati. Mimi bado sielewi kwa nini mtoto ambaye hajakalia dawati hata siku moja achangie kulitengeneza.

Sisemi kwamba vitu hivi vyote havina maana. Njombe kuna baridi, blanketi ni lazima. Jembe nalo lina kazi, maana mboga za bwalo zinatoka kwenye bustani ya shule. Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Mkulima wa kwetu anapanda mahindi na viazi Novemba na Desemba, mvua zikishashika. Fedha yote aliyokuwa nayo imeingia shambani: mbegu, mbolea, vibarua. Hata kwa mbolea ya ruzuku tuliyoanza kuipata tena mwaka 2022, ekari chache tu zinamaliza akiba ya nyumba. Viazi vya masika vinachimbwa kuanzia Machi. Mahindi makavu ni Juni na Julai huko. Januari ndiyo mwezi asio na kitu kabisa, na ndio mwezi ambao shule ya kanisa inamwambia alete laki tisa na ushee, pamoja na tranka lililojaa. Mwenye mshahara ataleta. Mwenye duka mjini ataleta. Mwenye kaka Ulaya atapiga simu. Asiye na hao anauza ng'ombe kwa bei ya shida, au anakopa, au anamwambia mtoto asahau.

Shemeji yangu ni mzee wa kanisa. Baba yake alikuwa miongoni mwa watu waliofyatua tofali za shule ileile, bila malipo, baada ya ibada za Jumapili. Mwaka huu shemeji alikaa na fomu ile siku kadhaa bila kusema neno, kwa sababu hakutaka kuniomba. Hali hiyo siwezi kuiona ya kawaida.

Watu wataniambia shule za kata zipo, na ni kweli. Kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, kuanzia Januari 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 vidato vya tano na sita vikaongezwa. Ni hatua kubwa, na walimu wa shule za kata nawaheshimu sana. Lakini mzazi anayetamani mwanawe asome, asali na alelewe katika imani ya nyumbani kwao anabaki akitamani tu, wakati kengele ya shule ya kanisa lake anaisikia akiwa shambani.

Sasa tazama hapa nilipo. Shule ya mwanangu ni ya Kikristo, na kila asubuhi kipindi cha kwanza kinaanza na mwalimu kusoma kifungu kifupi na kuomba. Ada hakuna. Vitabu vya kiada wanaazimwa bure, na imekuwa hivyo kwa sekondari zote za nchi tangu mwaka wa masomo wa 2009/2010. Vya mwanangu vilifika nyumbani ndani ya boksi, kazi yetu ikawa kuvijalidi. Tulikaa mezani jioni nzima, mke wangu anakata karatasi, mwanangu anakunja kona na kubandika: hisabati, jiografia, Kijerumani, baadhi vikiwa vimelegea migongo kwa mikono ya waliovitumia kabla yake. Tulinunua mkoba, kikokotoo, nguo za michezo na kufuli imara la baiskeli, basi. Sare hakuna. Shule inaomba mchango wa hiari, na tangu tarehe 1 Agosti 2021 sheria inakataza mtoto kuachwa nje ya safari au shughuli yoyote ya shule kwa sababu wazazi wake hawakuutoa. Fundi, daktari na mtu anayeishi kwa posho ya serikali, watoto wao wanaingia mlango mmoja siku moja.

Waholanzi hawakupewa haya kirahisi. Katika karne ya 19 serikali yao ilikuwa inagharamia shule zake tu, na mzazi Mkristo aliyetaka shule ya imani yake alilipa kodi kisha akalipa ada. Mwaka 1878 ilipopitishwa sheria iliyozidisha gharama za kuendesha shule, Waprotestanti zaidi ya 300,000 walitia saini ombi la kumsihi Mfalme Willem III asiidhinishe. Akaidhinisha. Hawakukata tamaa, wengi wao walikuwa watu wa kipato kidogo, wakaendelea kuchanga na kudai. Mwaka 1917 katiba ikarekebishwa, ndiyo ibara ya 23 kwa hesabu ya leo, na fedha za umma zikaanza kwenda kwenye shule za madhehebu sawa na za serikali, kwanza za msingi, baadaye na sekondari. Kwa ibara hiyohiyo zipo leo shule za Kiislamu na za Kihindu zinazogharamiwa na serikali.

Najua kwetu jambo hili linagusa kidonda. Wazee wanaikumbuka Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misheni zilipotaifishwa. Pugu ya Wakatoliki, alikofundisha Mwalimu Nyerere, ikawa ya serikali, na Minaki ya Waanglikana vilevile. Utaifishaji ule ulikuwa na hoja ya haki ndani yake, kwa sababu watoto wengi wa Kiislamu walikuwa wamekosa nafasi, lakini uliacha hofu makanisani: ukipokea fedha ya serikali, kesho utadaiwa ufunguo. Mimi naomba tuangalie hospitali zetu. Mwaka 1992 serikali na makanisa, kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), walitiliana saini makubaliano ya huduma za jamii, na yanagusa elimu pamoja na afya. Hospitali za kanisa zimekuwa hospitali teule za wilaya, serikali ikilipa mishahara ya watumishi, na bado ni za kanisa. Kama mgonjwa wa Njombe anaweza kutibiwa na muuguzi wa kanisa anayelipwa na serikali, basi mtoto wake anaweza kufundishwa fizikia kwa utaratibu huohuo. Serikali ilipe mishahara ya walimu katika shule za dini zitakazokubali kupokea watoto bila ada, za Kikristo na za Kiislamu kwa kipimo kimoja. Bila hicho kipimo kimoja nisingeliunga mkono.

Huku nako yapo yanayonikera. Mtoto wa miaka 12 anapangiwa ngazi ya sekondari kwa ushauri wa shule ya msingi, vmbo ya kuelekea ufundi, havo ya kuelekea vyuo vya taaluma au vwo ya kuelekea chuo kikuu, na watoto wa wageni ambao nyumbani wanaongea lugha nyingine wanaumia hapo. Na imani yenyewe ni baridi. Katika ibada ya kufungua mwaka mkuu wa shule alisoma Zaburi ya 121, piano ikapigwa, watoto wakasikiliza kwa adabu, wakatoka. Hakuna mwanafunzi aliyeomba, hakuna aliyeimba. Imani pale ni kazi ya mwalimu.

Kule Njombe mpwa wangu alipokelewa jioni ya kwanza na wasichana wa kidato cha tatu wa UKWATA, umoja wa Kikristo wa wanafunzi. Walimtandikia kitanda, wakamwonyesha bomba lenye maji yasiyokatika, wakalala naye chumba kimoja wiki nzima ili asilie peke yake. Kabla ya taa kuzimwa waliimba sauti nne bila kitabu, yeye akiwa hajui hata jina la aliye kitanda cha juu. Mwenyekiti wa umoja wao ni kijana wa miaka 17: anapanga wahubiri wa Jumapili, anahesabu sadaka na mhasibu wake, anakaa na mchungaji wa shule kupanga kongamano la Pasaka. Mwanangu hatapata malezi ya namna hiyo hapa, hata serikali ikiongeza fedha mara mbili. Ndiyo maana nakasirika kuona kitu kizuri hivyo kinauzwa kwa bei ambayo mshiriki wa kawaida haifikii.

Na viboko. Uholanzi mwalimu hamgusi mtoto. Kwetu kanuni zinaruhusu, visizidi vinne, kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Shule inayofungua siku kwa sala ingekuwa ya kwanza kuviacha, haina haja ya kusubiri waraka.

Suala la mishahara ni la serikali na maaskofu, litachukua muda. Ratiba ya malipo iko mikononi mwa bodi ya shule, na inaweza kubadilika kabla ya Januari ijayo. Dada yangu ataniunganisha kwa simu kwenye kikao cha wazazi, na nitaomba mambo matatu: malipo ya Januari yasizidi robo ya ada na sehemu kubwa isogezwe Agosti mkulima akishauza mahindi; rimu, fagio na mchango wa madawati vitolewe kwenye orodha; na magodoro yanunuliwe na shule, yabaki bwenini, watoto wapokezane. Fedha ya magodoro ya mwaka wa kwanza tutaichanga sisi washarika tulioko nje. Tayari tumeanza kuulizana nani atatoa nini.