Nguruwe Nyuma ya Jiko la Bibi

Nilitoka kwenda chooni na kopo la maji, nikarudi mikono mitupu. Ilikuwa kama saa mbili na nusu usiku, kwa bibi yangu, bondeni mwa mto Lukuledi, upande wa Mtama mkoani Lindi. Choo kiko nyuma ya jiko, na njia yake inapita kando ya mihogo. Nikasikia kitu kinatafuna, taratibu, kama mtu aliyekaa barazani na muhogo wake mbichi. Nikainua tochi ya simu. Nguruwe pori! Manyoya meupe ya mgongoni yamemsimama, pua imejaa udongo, kipande cha muhogo kinaning'inia mdomoni. Aliguna mara moja tu, akapita kwenye wigo wa makuti kana kwamba haupo. Kopo sijui lilinidondoka saa ngapi.

Ndani walinicheka mpaka wakakaa chini. Mtoto wa mjini katoka mbio kwa nguruwe! Bibi hakucheka.

"Mwezi umetoka?"

"Bado, bibi."

"Basi ingieni wote, na mlango mfunge."

Kwa bibi, nguruwe hatembei peke yake. Nyuma yake yupo anayemfuata. Niliyachukulia hayo kuwa maneno ya kizee, mpaka niliposoma utafiti wa simba uliochapishwa mwaka 2005. Watafiti walihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na mkoa wetu wa Lindi ulikuwa kati ya ile iliyoumia zaidi. Chanzo walichokiona ni hicho hicho cha bibi. Wanyama wengine wakipungua, simba anabaki na nguruwe. Nguruwe anaingia shambani, mkulima naye anahamia dunguni kulinda mazao, hasa Machi mpaka Mei mavuno yanapokaribia. Simba anakuja kwa ajili ya nguruwe, anamkuta mtu amelala. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ukaongeza la mwezi: hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi huchelewa kuchomoza na saa za mwanzo za usiku zinakuwa giza tupu. Bibi hajasoma hata mmoja.

Ndiyo maana nakasirika nguruwe anapofanywa jambo la kuchekesha. Mwaka jana jirani yetu alikwenda kwenye ofisi moja kueleza kwamba mihogo imekwisha, akajibiwa kwamba nguruwe si dharura, simba akionekana ndiyo apige simu. Simba akionekana! Kanuni zetu za wanyamapori zinajua malipo ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa waliofiwa, na sizibezi, lakini machozi hayafutwi kabla hayajatoka. Mimi ningependa fedha na askari waje wakati bado tunazungumzia mihogo. Risasi chache za msimu, uzio wa pamoja wa kijiji, mbwa wanaolishwa vizuri, chochote kitakachomfanya mkulima alale kwake na si dunguni.

Najua ugumu uliopo. Huku wengi wetu ni Waislamu, nguruwe hatumli, kwa hiyo hakuna anayehangaika kumwinda. Na kuwinda bila kibali ni kosa. Kuna jamaa zetu Wakristo wa Nyangao wanaosema wao wakipewa kibali tatizo litaisha kwa wiki mbili na mboga itabaki. Wanatania, lakini si sana.

Asubuhi tulikuta mashimo kumi na moja na nyayo za kwato zilizochanika katikati, zikielekea mtoni. Mjomba alishinda akiziba wigo, mimi nikafyeka majani kati ya jiko na choo. Jioni bibi aliingiza ndoo ndani, akaiweka pembeni ya mlango na kuifunika kwa sinia.

"Ya nini hii, bibi?"

"Leo hatoki mtu. Mwezi utachelewa zaidi ya jana."