Duka la Mangi na Hesabu ya Kipato cha Kutwa

Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na hasa baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, imezoeleka kusikia kwamba duka la mtaani, ambalo mwenyewe wengi humwita Mangi, limepitwa na wakati. Wanaosema hivyo wanatazama maduka ya kujihudumia, na wauzaji wa mtandaoni wanaoagiza mzigo Kariakoo kwa simu na kumfikishia mteja mlangoni bila kulipa pango la fremu. Hoja yao ina uzito: muuzaji wa mtandaoni hana gharama za fremu, na katika duka la kujihudumia bei imebandikwa na risiti inatolewa.

Kinachosahaulika ni namna watu wanavyopata fedha. Mtumishi wa Mtumba, ziliko ofisi za wizara, hulipwa kwa mwezi, hivyo kununua lita tano za mafuta ya kula kwa mkupuo ni nafuu kwake. Saidia fundi anayejenga Iyumbu hulipwa jioni, na fedha hiyo hiyo lazima itoe chakula cha usiku na nauli ya kesho. Huyu hupimiwa. Tuseme lita ya mafuta ni shilingi 6,000 na robo lita ni 1,700. Akinunua robo nne atakuwa ametoa 6,800. Shilingi 800 za ziada huitwa unyonyaji, na kwa hesabu tupu ni kweli kwamba asiye nacho ndiye analipa zaidi. Lakini ndani yake kuna ujira wa mtu aliyefunga mtaji wake, anayepima na kumwaga kidogo kila siku, na anayekaa dukani hadi saa nne usiku. Kuna pia fidia ya madeni yasiyolipwa, maana Mangi hukopesha.

Fungua daftari la duka moja la Hombolo, wanakolima zabibu: jina la mama fulani, chini yake “sabuni 500, unga nusu 900, chumvi”, kisha mstari mmoja mrefu uliokata vyote pale zabibu zilipouzwa. Hakuna riba iliyoandikwa. Duka la kujihudumia haliwezi kungoja mavuno; mkopo wa simu nao unakuja na ada, na hauulizi kama mvua ilinyesha.

Watetezi wa maduka makubwa wangefaa pia kutazama yaliyotokea hapa nchini. Shoprite ya Afrika Kusini iliyauza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ya Kenya ikafunga yake mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe ikaporomoka muda si mrefu. Sikatai kwamba kampuni hizo mbili za Kenya zilizama kwa madeni ya nyumbani kwao. Hata hivyo, walaji wa kulipwa kwa mwezi walikuwa wachache mno kuziokoa.

Kwa viatu, simu na vipodozi, duka la mtaani limeshindwa na mtandao, tena kwa haki. Kwa unga na mafuta, udhaifu wake mkubwa uko kwenye daftari lenyewe: miaka ya ulipaji mwaminifu imo mle, lakini benki haiwezi kuisoma, na Mangi akitaka mkopo wa kuongeza mzigo anaulizwa hati ya nyumba. Wateja wakianza kulipa madeni hayo kwa lipa namba, yaani namba ya malipo ya duka kwenye simu, angalau kumbukumbu hizo zitakuwa mahali ambapo mkopeshaji anaweza kuziona.