Bamba na bawa hata kwa mzamiaji wa mtungi mmoja? Mi nasema ndiyo

Mtu akishamaliza kozi yake ya kwanza ya kuzamia na akaanza kufikiria kununua vifaa vyake mwenyewe, ugomvi wa kwanza anaokutana nao ni wa BCD, ile vest yenye mfuko wa hewa unaoujaza na kuutoa ili usizame wala usielee. Huyu anamwambia nunua jaketi kama lile ulilofundishiwa maana umeshalizoea, yule anamwambia jaketi ni la wanaoanza tu, halafu anatokea wa tatu na bamba lake la chuma na mikanda myeusi utadhani anakwenda kupima mapango chini ya ardhi. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeutaka asipoteze muda: kwa mzamiaji wa kawaida wa mtungi mmoja, wa kushuka mita 18 au hata 30 akaangalia samaki akarudi juu, bamba na bawa (bamba gumu la mgongoni lenye mikanda, na mfuko wa hewa uitwao bawa unaokaa kati yake na mtungi) ndo chaguo zuri kuliko yote, na vitisho vingi mnavyopewa juu yake ni maneno tu. Ila na washabiki wake nao, nusu ya wanayosema ni majigambo.

Tuanze na kazi yenyewe ya hiki kitu, maana wengi wanakinunua kwa kuangalia mifuko na rangi. Ukiwa chini kuna mambo mawili yanayobadilika na BCD ipo kwa ajili ya kuyafidia hayo. La kwanza hewa ina uzito, mtungi wa alumini wa lita 11 ukijazwa baa 200 (baa ni kipimo cha presha) umebeba karibu kilo 2 na nusu za hewa, kwahiyo unaanza ukiwa mzito na unamaliza ukiwa mwepesi. La pili ni wetisuti, ile suti ya mpira ya kuzamia, vile vipovu vidogo vilivyomo ndani ya neoprini vinabanwa na presha, mita 10 presha ni mara mbili ya pale juu na mita 30 ni mara nne, suti inasinyaa na ile nguvu iliyokuwa inakuelesha inapungua. Basi. Kwa suti nyembamba ya milimita 3 jumla ya vyote viwili haifiki hata kilo 6. Sasa kwanini mtu anavaa jaketi la kubeba kilo 20 na bado analalamika hatulii majini?

Jibu mara nyingi ni risasi, yaani vile vipande vya uzito kiunoni. Kila kilo moja ya ziada unayojifunga inabidi uifidie na karibu lita moja ya hewa kwenye mfuko wa BCD, na hiyo hewa haikai vile vile, ukipanda kutoka mita 10 hadi juu inakuwa maradufu. Mtu mwenye kilo 4 za bure anatembea na lita 4 zinazovimba na kusinyaa kila akipanda au kushuka kidogo, anabonyeza anajaza, anabonyeza anatoa, dakika arobaini nzima kidole kiko kwenye kitufe, akitoka anasema vest yake mbaya. Vest haina kosa hapo. Kabla hujagusa pochi kapime uzito wako sawasawa: mtungi ukiwa umebaki kama baa 50, mita 5 hivi, mfuko hauna hewa kabisa, unapumua kawaida na umetulia hupandi wala huzami. Hapo umeshajua kiasi chako na kitu chochote utakachovaa kitakuwa na nafuu.

Lakini tukichukulia uzito uko sawa, tofauti bado ipo, na ni ya mahali hewa inapokaa. Kwenye jaketi mfuko unakuzunguka mbavuni mpaka karibu na tumbo, ukijaa unakubana, na ile hewa ya kifuani pamoja na risasi za kiunoni zinafanya kazi ya kukusimamisha, kifua juu miguu chini. Ndo maana unaona watu wanaogelea wameinama nusu kama wanapanda ngazi, mapezi yanapiga mchanga na matumbawe nyuma yao na kila anayefuata anaoga vumbi. Siyo kwamba hawawezi kulala sawa na jaketi, wapo wanaoweza na wanapendeza kabisa, ila wanashindana na kifaa chao. Kwenye bawa hewa yote iko mgongoni pembeni ya mtungi, bamba la chuma lenyewe limelala juu ya mapafu yako ambako ndo kuna kitu kinachokuinua, kwahiyo kinachovuta chini na kinachovuta juu vinakutana sehemu moja na mwili unalala wenyewe. Kifua kiko wazi, hakuna kinachokubana pumzi. Mi kwangu hilo tu linatosha hata bila mengine.

Sasa lile la kusema bawa linakusukuma uso kwenye maji ukiwa juu. Wanaosema hawajatunga, linatokea, ila angalia linatokea kwa nani. Ni yule aliyefika juu akajaza mfuko mpaka ukalia, na risasi zake zote ziko mbele tumboni. Jaza kiasi cha kidevu kutoka majini, egemea nyuma kama umekaa kwenye kiti, na risasi kidogo zihamishie kwenye mkanda wa mtungi, mambo yameisha. Na wale wanaosema jaketi litakushikilia uso juu ukizimia naomba waache, BCD ya kuzamia siyo jaketi la kuokolea maisha na hakuna aina yoyote kati ya hizi inayokupa hakika hiyo. Vile vifaa vya zamani vya kuvaa shingoni, kama kile cha Mfaransa Maurice Fenzy cha mwaka 1961, vilikuwa vimewekwa mbele kwa sababu hiyo hiyo ya kuinua uso, na vikaachwa kwa sababu vilikuwa vinasumbua sana ukiwa chini. Mambo ya kuzamia yanafanyika chini jamani, juu unapita tu.

Bamba lenyewe limetoka kwa wazamiaji wa mapango wa kaskazini mwa Florida, Greg Flanagan ndo anatajwa kulitengeneza mwaka 1979, na mikanda yake ikaja kuboreshwa na Bill Main ambaye jina lake la kati, Hogarth, ndo limebaki kwenye ule mtindo mpaka leo. Hapo ndo majigambo yanapoanzia, mtu anaenda kuangalia kasa mita 12 anavaa kama anaingia pangoni kilomita mbili, na akikuona na kifungo cha plastiki begani anakuhubiria. Ukanda mmoja mrefu wa nailoni wa sentimita 5 bila kifungo chochote isipokuwa kiunoni ni mzuri, unaupima mara moja unakaa hivo miaka, hauna cha kuvunjika. Lakini kama bega lako lina matatizo au unazamia na suti nene na kutoka kwako ni kuvutwa kwenye boti ndogo, weka kifungo upande mmoja na uishi kwa amani, hakuna polisi wa mikanda. Kitu ambacho sitakubali kukiacha ni ule mkanda wa kupita katikati ya miguu, watu wanauonea haya lakini ndo unaozuia mtungi usikupande kichwani.

Mifuko? Nunua kaptula yenye mifuko ya mapajani ya kuvaa juu ya suti, weka boya lako na rili yake ya kuzungushia kamba, ni rahisi kufikia kuliko mfuko wa jaketi ambao ukijaa hewa hata mkono hauingii.

Kuna hizi vest za katikati, mfuko mgongoni lakini mbele ni mito mito na mapochi kama jaketi. Zinauzwa kama suluhisho la wote na kwa kweli chini zinalala vizuri, ila ule upamba wote unaelea, kwahiyo unaongeza risasi ili kuzamisha vest iliyonunuliwa ikusaidie kuelea, hapo mi nacheka. Zikilowa zinachukua muda kukauka na kwenye begi la safari zinajaza nafasi. Mitungi ya ubavuni nayo tuiache, ni mchezo mwingine na unahitaji kozi yake.

Jaketi nalitetea sehemu moja, na nalitetea kwa moyo. Mwalimu anayekaa juu ya maji muda mrefu anaongea na wanafunzi, au familia ambayo vest moja inavaliwa na watu watatu wa maumbo tofauti, hapo jaketi linashinda bila ubishi, unavuta kamba mbili unaingia. Na kama unazamia mara moja kwa mwaka ukiwa likizo, kodi jaketi la pale pale, hela yako kanunulie kompyuta ya kuzamia na maski inayokukaa vizuri.

Ukiamua bamba, usikurupuke kwenye ukubwa wa bawa, kwa mtungi mmoja la kubeba kilo 13 hadi 18 linatosha, bawa la mitungi miwili ukilifunga kwenye mmoja linajikunja kuuzunguka mtungi kama chapati na hewa inajificha kwenye mikunjo. Bamba la chuma cha pua lina karibu kilo 2 na nusu hadi 3, la alumini kama kilo moja. Kwa suti nene chukua la chuma, unatoa risasi za uzito ule ule kiunoni na mgongo wako unashukuru. Kwa maji ya moto na suti nyembamba angalia sana, hasa kama mtungi nao ni wa chuma, maana unaweza kujikuta mzito kupita kiasi halafu huna risasi hata moja ya kudondosha bawa likipasuka, na kupanda kwa kupiga mapezi tu na mzigo huo siyo utani. Hapo chukua alumini, ongeza risasi kidogo unazoweza kuzitupa, na ile siku ya kwanza na bamba jipya rudia kupima uzito wako upya kabisa kwenye maji mafupi, usiende na kiasi kile ulichokuwa unavaa na jaketi.